Mgonjwa si Najisi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi na akaumba dawa yake, akawajaribu waja wake kwa siha kama anavyowajaribu kwa ugonjwa. Na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyewazuru wagonjwa, akawaombea dua na akawaamrisha kujitibu, na ziwashukie jamaa zake na Sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, kuna suala ambalo huletwa katika darasa zetu kwa sauti ya chini, mwenye kuuliza akitazama huku na huku asije akasikiwa. Suala lenyewe ni hili: je, yajuzu kwa watu wa nyumba iliyo na mgonjwa wa kifua kikuu kuuficha ugonjwa huo, kwa kukhofia kuvunjiwa heshima yao? Na la pili lake huulizwa na jirani: je, yampasa mtu kujitenga na nyumba hiyo, asile kwao, asiwaoze wala asioe kwao? Kuwajibu watu mmoja mmoja hakutoshi, kwani jambo hili si la nyumba moja, bali ni la mji mzima. Kwa hivyo tumeona lililo wajibu wetu ni kulieleza hapa waziwazi.

Wanavyuoni wamesema kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Basi na tuanze kwa kuyajua maradhi yenyewe.

Kifua kikuu hakiletwi na uchawi, wala si laana iliyoushukia ukoo, wala mtoto hakirithi katika damu ya wazazi wake. Huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho matupu, ambacho tabibu wa Kijerumani, Robert Koch, alitangaza kukigundua mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Kijidudu hiki hutoka kifuani mwa mgonjwa akohoapo, apigapo chafya au hata asemapo, kikaelea hewani, na mwengine akakivuta. Katika chumba kilichozibwa hukaa hewani kwa muda mrefu. Penye upepo hutawanyika, na jua hukiua. Hakipiti katika sahani, wala katika kikombe, wala katika mkono wa kuamkiana, wala katika nguo. Tena si kila akivutaye huugua. Shirika la Afya Ulimwenguni lakisia kuwa kiasi cha robo ya watu wote wa dunia wamekwisha kuingiwa na kijidudu hiki. Lakini katika kila kumi walioingiwa, tisa au zaidi hawaugui maisha yao yote. Huugua zaidi yule aliyedhoofika mwili: mtoto mdogo, mwenye kula kwa tabu, mwenye maradhi ya sukari, mvutaji wa tumbaku, na mwenye virusi vya UKIMWI.

Na dawa ipo. Kwa mgonjwa wa kawaida ni vidonge vya miezi sita: miezi miwili ya mwanzo hupewa dawa nne kwa pamoja, na minne iliyobaki dawa mbili. Katika Kenya vidonge hivyo hutolewa bila ya malipo katika hospitali na zahanati za serikali. Mgonjwa akivimeza sawasawa, mara nyingi baada ya wiki chache tu huwa haambukizi tena, na akimaliza muda wake, kwa idhini ya Mungu hupoa kabisa. Ama asiyetibiwa, katika kila wawili karibu mmoja hufa. Na kabla hajafa aweza kuwaambukiza watu watano mpaka kumi na tano katika mwaka mmoja, nao aghlabu ni wale awapendao, kwani ndio akaao nao.

Katika mwaka wa 2023 waliugua maradhi haya duniani watu kiasi cha milioni 10.8, na wakafa watu milioni 1.25. Basi twajiuliza: maradhi ambayo sababu yake imejulikana tangu 1882, na ambayo dawa yake hutolewa bure, kwa nini yangali yakiua umma huu wote? Sababu ni nyingi. Umasikini ni sababu, njaa ni sababu, nyumba za msongamano ni sababu, na umbali wa hospitali ni sababu. Lakini kuna sababu moja ambayo haikuletwa na serikali wala na ufukara, nasi wenyewe ndio tuliyoijenga kwa ndimi zetu, na twaweza kuivunja leo bila ya kutoa senti moja. Sababu hiyo ni aibu.

Tazameni namna aibu inavyoua. Mtu huanza kukohoa. Wiki ya kwanza husema ni mafua. Ya pili husema ni vumbi. Ya tatu husema ni baridi ya kusi. Usiku hutoka jasho, nguo zikamwelea, na moyoni mwake amekwisha kushuku. Lakini akikumbuka kuwa penye mlango wa zahanati huenda akaonwa na mtu wa mtaa wake, miguu humwia mizito. Jamaa zake nao humwambia asiende hapa karibu, aende mji mwengine asikojulikana. Akaenda mara moja, akapewa dawa, kisha nauli ikamshinda, akaacha. Au alipoona nguvu zimerudi katika mwezi wa pili, akavitupa vidonge vilivyobaki, asije mgeni akaviona nyumbani. Ugonjwa ukarudi, na mara hii umekwisha kuizoea dawa, haumwachi kwa vidonge vile vya kwanza. Sasa anataka dawa nyengine, kali zaidi na ghali zaidi kwa nchi, na matibabu huenda yakawa marefu zaidi. Na akimwambukiza mtu, humwambukiza ugonjwa ule ule ulioizoea dawa. Haya yote chanzo chake ni kuogopa macho ya watu.

Utafiti wa nchi nzima uliofanywa katika Kenya mwaka wa 2015 na 2016 ulionyesha kuwa wagonjwa wengi wa kifua kikuu walikuwa wamo majumbani na mitaani, hawajapimwa wala hawajulikani. Basi hao ndio hao tunaowataja. Wamo katika mabasi, wamo katika safu za sala, wamo katika arusi na maziko, nao hawajitibu.

Na lililo ajabu zaidi ni kuwa huko kujikinga kwetu pia tumekufanya kinyume. Mgonjwa akishajulikana, kitu cha kwanza afanyiwacho nyumbani ni kutengewa sahani yake, kikombe chake na kijiko chake, na huenda sahani ile ikatiwa alama ili mtu asikosee. Kisha hutiwa katika chumba cha ndani kabisa, kile kisichopata mwanga katika nyumba zetu za mawe, dirisha likafungwa na pazia likateremshwa, ili mpita njia asimsikie akikohoa. Na yule bibi au mtoto anayempelekea uji huingia humo akavuta hewa ile ile iliyozibwa. Tumemnyima sahani, ambayo haina dhara, tukamfungia dirisha, ambalo lina salama. Lau tungaligeuza, tukala naye na tukamfungulia madirisha, tungalikuwa tumeukinga mwili wake na yetu, na moyo wake tusiuvunje. Hapa ndipo mwenye akili aonapo kuwa kinyaa si kinga, wala kumdhili mgonjwa si tahadhari, bali ni ujinga uliovaa nguo ya tahadhari.

Huenda msomaji akatwambia: Nyinyi mashekhe mwasema hivi, hali Mtume mwenyewe (s.a.w.) ameamrisha katika hadithi iliyo katika Sahihi ya Bukhari kuwa mtu amkimbie mwenye ukoma kama amkimbiavyo simba. Na mwengine atatwambia kinyume cha hayo: kuwa katika hadithi hiyo hiyo Mtume amekanusha kuambukizana, basi hapana haja ya kupimwa wala ya kufungua dirisha, kwani litakalomfika mtu limekwisha kuandikwa. Wawili hawa kila mmoja ameshika nusu ya hadithi, na nusu ya hadithi ndiyo iliyowapoteza watu wengi.

Maana iliyoelezwa na wanavyuoni, miongoni mwao Imam Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ni kuwa lililokanushwa ni itikadi ya watu wa Jahiliya, waliodhani kuwa maradhi huambukiza kwa nguvu yake yenyewe pasina kudra ya Mungu. Na lililothibitishwa ni kuwa Mwenyezi Mungu amejaalia kuchanganyika kuwa ni sababu, kama alivyojaalia moto kuwa ni sababu ya kuungua. Kwa hivyo Mtume (s.a.w.) akakataza vile vile mwenye ngamia wagonjwa asiwalete penye ngamia wazima. Na katika hadithi ya tauni, iliyomo katika Bukhari na Muslim, akakataza watu wasiingie katika nchi yenye tauni, wala walioko humo wasitoke kwa kuikimbia.

Na Sahaba waliyafahamu hayo na wakayatenda. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipokuwa akenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akapewa khabari ya kuwa tauni imeingia huko. Akashauriana na watu, kisha akaazimia kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kuwa ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu, na akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeteremka katika bonde lenye pande mbili, upande mmoja una malisho na upande mwengine ni mkavu: akilisha popote katika hizo, amelisha kwa kadari ya Mungu. Kisha akaja Abdulrahman bin Auf (r.a.) akawapa ile hadithi ya tauni, na Umar akamshukuru Mungu. Basi asiyetaka kupimwa kwa kusema kuwa ametawakali, na aseme ni tawakkul ya nani aliyoishika, kwani si hii ya Umar.

Lakini jambo ambalo wengi wetu hatulitazami ni hili: kujitenga alikokuamrisha Mtume (s.a.w.) ni kujitenga na dhara, si kumwondolea mtu heshima yake. Ulipokuja ujumbe wa kabila la Thaqif kumpa Mtume ahadi ya utii, mlikuwa na mtu mwenye ukoma katika wao. Mtume hakumlazimisha aingie katika mkusanyiko, wala hakumkataa, bali alimpelekea mtu kumwambia kuwa ahadi yake imekwisha kukubaliwa, basi na arudi. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Mkono wake haukushikwa, lakini haki yake ilimfikia pale pale alipo, na jina lake likawa katika Waislamu sawa na wenzake. Huko ndiko kujitenga kwa kisheria: mwili huwa mbali kwa kadiri ya haja, na haki huwa karibu.

Na tumtazame Muayqib (r.a.), katika Waislamu wa mwanzo, aliyeaminiwa kushika muhuri wa Mtume (s.a.w.). Alipatwa na ukoma, nao siku hizo haukuwa na dawa ijulikanayo. Je, Umar alimfukuza mjini? La. Alimweka juu ya hazina ya Waislamu, akala naye, na kama alivyoeleza Ibn Saad katika kitabu chake cha Tabakati, akamtafutia watabibu, mpaka wakaja watu wawili wa Yaman wakamtibu. Basi mtu yule yule aliyerudi njiani kwa kuogopa tauni ndiye aliyekula na mwenye ukoma. Hapana mgongano katika mambo hayo mawili. Penye khatari alijihadhari, na penye mtu alimheshimu.

Na ukoma wenyewe leo umekwisha kujulikana. Kijidudu chake kiligunduliwa na tabibu wa Norway, Hansen, mwaka wa 1873. Tangu miaka ya 1980 hutibiwa kwa dawa zilizochanganywa, na mgonjwa akishaanza kuzimeza, baada ya muda mfupi haambukizi. Watu walio wengi mno miili yao haiukubali hata wakikaa na mwenye nao. Pamoja na hayo, kila mwaka hupatikana wagonjwa wapya wengi duniani, na baadhi yao huja hospitali wakiwa vidole vimekwisha kukatika, kwa kuwa walijificha lile baka la kwanza likiwa dogo lisilouma. Vidole hivyo havikukatwa na ukoma peke yake. Vilikatwa na aibu.

Tukirudi katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu, twaona katika Suratun Nur, aya ya 61, ameondoa uzito juu ya kipofu, na kiguru, na mgonjwa, katika maelezo ya kula majumbani. Baadhi ya wafasiri wamesema sababu yake ni kuwa watu wa Madina kabla ya Uislamu walikuwa hawali na watu hao, kwa kinyaa au kwa kuona haya. Sahani iliyotiwa alama, basi, ni jambo la zamani, na aya ilishuka kuliondoa. Nasi baada ya karne kumi na nne tumeirudisha sahani ile pale pale. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 11 na ya 12, Mwenyezi Mungu amekataza kudharauliana, na kuitana kwa majina mabaya, na kupelelezana, na kusengenyana, akakufananisha kusengenya na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Mwenye kukaa barazani akahisabu nyumba za mtaa, hii ina kifua, hii ina UKIMWI, hii waliugua tangu babu yao, yuko katika kuila nyama hiyo, hata kama analolisema ni kweli, kwani likiwa la uongo si kusengenya tena, bali ni kuzua.

Hapa twapenda kuwanabihisha ndugu zetu watoaji wa mawaidha juu ya kisa kimoja. Hupenda baadhi yao kusimulia kuwa Nabii Ayyub (a.s.) alipougua mwili wake uliingia mabuu, ukanuka, mpaka watu wakamtupa jaani. Haya hayamo katika Kurani, wala hayakuthibiti kwa Mtume (s.a.w.). Ni katika hadithi za Kiisraili, na wanavyuoni wahakiki wameyakataa, kwa kuwa Mitume hawapatwi na maradhi ya kuwakimbiza watu. Kurani yatwambia kuwa aliguswa na dhara, akamwomba Mola wake, akaondolewa dhara, akarudishiwa watu wake na mfano wao pamoja nao, na Mwenyezi Mungu akamsifu kwa subira. Anayesimulia yale ya jaani adhani anafundisha subira. Lakini msikilizaji aliye na mgonjwa nyumbani husikia jambo jengine, kuwa mgonjwa mahali pake ni jaani. Na atupwe huyo uongo, si mgonjwa.

Wala hatuwezi kunyamaza juu ya wale wafanyao aibu ya watu kuwa ni duka lao. Mtu akikohoa damu humwambia kuwa ni mkono wa mtu, kuna jamaa amemtupia jambo. Neno hilo hupendeza masikioni mwa watu wa nyumba, kwani kurogwa si aibu: aliyerogwa ni mwenye kuhusudiwa, na mwenye kuhusudiwa ni mtu wa maana. Wakatoa mbuzi, wakatoa fedha, wakagombana na shangazi aliyetajwa, na miezi mitatu ikapita hali kifua chazidi kuoza na watoto wawavuta pumzi zake. Sisi hatukatai kumsomea mgonjwa Kurani na kumwombea dua. Hiyo ni suna. Lakini Mtume (s.a.w.) aliposema kuwa Mungu hakuteremsha ugonjwa illa ameuteremshia dawa, na alipowaamrisha waja wa Mungu wajitibu, hakusema watafute wa kumtuhumu. Dua na kidonge havigombani. Kinachogombana navyo ni uongo.

Na tusiseme kuwa dosari ni ya watu wa mitaani tu. Wenye amri nao waweza kuongeza khofu badala ya kuiondoa. Mwaka wa 2010 mahakama ya Kapsabet iliwafunga wagonjwa wawili wa kifua kikuu walioacha kumeza dawa, wakahukumiwa miezi minane, wakatiwa katika gereza lenye msongamano. Hebu fikirini: mwenye maradhi yanayopita katika hewa iliyozibwa anatiwa mahali penye hewa iliyozibwa pamoja na watu wengine! Walikaa humo zaidi ya mwezi kabla ya kutolewa, na mwaka wa 2016 Mahakama Kuu ikaamua kuwa kuwafunga jela wagonjwa kwa namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwani mgonjwa akijua kuwa mwisho wa kujulikana ni jela, hatajulikana.

Na sisi wa Mwambao tulijionea wenyewe mwaka wa 2020. Ulipokuja ugonjwa wa korona, Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa mwezi wa Mei, watu wasiingie wala wasitoke, na watu wakaitwa kupimwa. Waliojitokeza mwanzoni walikuwa wachache. Walikhofu kutiwa karantini, ambayo mwanzo ilikuwa kwa gharama zao wenyewe. Na walikhofu zaidi gari la kuja kuwachukua mlangoni na majirani wakichungulia madirishani. Ugonjwa haukupungua kwa watu kutopimwa, bali kilichopungua ni kujua tu. Funzo hilo halifai kusahauliwa.

Sasa twarudi katika masuala mawili tuliyoanza nayo.

Ama suala la kwanza, jawabu yetu ni kuwa mgonjwa hakulazimishwa kutangaza ugonjwa wake sokoni. Siri ya mwili wake ni amana, na tabibu na jamaa wanaoijua ni waaminiwa. Lakini kuuficha kwa tabibu, au kuwaficha wale waishio naye chumba kimoja wasipate kupimwa, hakujuzu, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kulipizana dhara. Mwenye kukohoa wiki mbili au zaidi na aende akapimwe, na watu wa nyumba yake, hasa watoto wadogo, nao wapimwe. Hiyo ndiyo sitara ya kweli. Ile nyengine ni sitara ya kumsitiri mwuaji.

Ama suala la pili, jirani hana ruhusa ya kuihama nyumba hiyo. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu mwenziwe, na katika Hadithi Qudsi iliyomo katika Sahihi Muslim Mwenyezi Mungu atamlaumu mja wake Siku ya Kiyama kwa kutomzuru mja wake fulani alipougua. Katika wiki zile za mwanzo kabla dawa haijafanya kazi, na amzuru barazani au penye dirisha wazi, mgonjwa akiziba mdomo wake kwa kitambaa. Na kuziba huko si kumdhili, kwani Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akipiga chafya huufunika uso wake kwa mkono au kwa nguo. Muda huo mgonjwa ana udhuru wa kutohudhuria jamaa na Ijumaa. Mtume alimzuia aliyekula kitunguu thaumu asiukaribie msikiti kwa kuwa harufu yake yaudhi watu. Basi anayeweza kuwadhuru kwa pumzi ana udhuru ulio mkubwa zaidi. Na akisharuhusiwa na tabibu akarudi, na apishwe katika safu kama mwengine yeyote, bega kwa bega. Mwenye kujivuta kando yake baada ya hapo amevunja safu na amevunja moyo.

Katika ndoa, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamempa mume au mke khiari ya kuvunja ndoa kwa maradhi maalumu, na ukoma ni mmoja wao. Haki hiyo hatuipingi. Lakini kifua kikuu hakikutajwa humo, na aliyepoa kwacho amepoa. Aliye bado katika dawa na amweleze mwenziwe kwa uaminifu, kwani ghushi ni haramu, kisha wangojee miezi iishe. Ama kumnyima msichana mume kwa sababu nduguye aliugua miaka kumi nyuma, au kumpa mke talaka yake akiwa kitandani, hiyo ni dhulma, na dhulma ni kiza Siku ya Kiyama.

Na mwezi wa Ramadhani ukija, kuna mgonjwa huacha vidonge ili asionekane na watu akila mchana. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kufungua katika Suratul Bakara, aya ya 184 na ya 185, na amesema kuwa ataka wepesi kwetu wala hatutakii uzito. Na amuulize tabibu wake: akimwambia aweza kufunga na dawa aimeze usiku, na afunge, akimwambia ale, na ale, kisha atalipa akipoa. Ama wewe uliyemwona akinywa maji mchana, shughulika na saumu yako.

Maimamu wetu na walimu wetu wa vyuo, nyinyi neno lenu hufika pale lisipofika neno la tabibu. Yasemeni haya juu ya mimbari. Fungueni madirisha ya misikiti na ya vyuo. Mwafunzeni watoto kuwa kutema mate msikitini ni kosa, kama ilivyokuja katika hadithi, na kuwa kumcheka mwenye kukohoa ni kosa kubwa kuliko hilo. Na matajiri wetu, vidonge ni bure lakini nauli si bure, wala chakula si bure. Mgonjwa masikini huacha dawa kwa kuwa yampa njaa na hana cha kula. Sadaka ya unga na maharagwe kwa miezi sita yaokoa nafsi moja, na Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Maida, aya ya 32, kuwa mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape subira na uwape watu wa kuwaonea huruma. Zisafishe ndimi zetu na dhulma, na vifua vyetu na kinyaa cha kiburi, kama utuombeavyo kusafishiwa miili yetu na maradhi. Utujaalie tuwe miongoni mwa wanaozuru wala hawakimbii, wanaositiri wala hawafichi. Amin.

Wabillahi Ttawfiq.